Anayesema "Huo Ni Ukabila" Ndiye Anayetolewa

Karibu kila kundi la WhatsApp la wakazi hapa Nairobi lina sheria moja kwenye maelezo yake: hakuna siasa, hakuna dini, hakuna ukabila. Kundi la korti yetu, yaani nyumba zetu za geti moja, hapa mtaa wa South B linayo. La wazazi wa darasa la binti yangu linayo pia, tena kwa herufi kubwa. Mimi ni katibu wa wakazi, kwa hiyo ni mmoja wa wasimamizi, na nimeitazama sheria hiyo ikifanya kazi wakati wa uchaguzi na wakati wa kawaida. Naamini kwamba jinsi tunavyoitumia, inamlinda mtukanaji na kumwadhibu aliyetukanwa.

Mambo huenda hivi. Mtu anaandika jambo la kuwadharau watu wa jamii fulani. Mara nyingi hatukani waziwazi, maana anajua majirani wanasoma. Anasema "hao tunawajua", au anauliza kwa nini askari wa geti wote wametoka "upande ule". Ujumbe unapita. Wengine wanatuma alama za kicheko, wengi wanasoma na kunyamaza, mmoja anauliza kama maji yatafunguliwa leo. Kisha jirani mmoja anajibu: "Huo ni ukabila." Hapo ndipo kundi zima linapoamka. Watu ambao hawakuwa wamesema lolote wanaanza kuandika: jamani, tusilete hayo hapa, sisi ni majirani, tudumishe amani. Admini anawatoa wote wawili, au anamtoa yule wa pili peke yake, kwa sababu ndiye aliyelitaja kabila. Ujumbe wa kwanza unabaki palepale, hakuna aliyeufuta.

Najua woga huo umetoka wapi, na siudharau. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. WhatsApp haikuwapo, lakini SMS zilikuwapo, na walioishi hapa wakati ule wanakumbuka jumbe zilizokuwa zikizunguka usiku, zikitaja jamii kwa majina na kuwataka watu "wajilinde". Januari 2008, Mashada, lililokuwa jukwaa kubwa la mjadala la Wakenya kwenye intaneti, lilifungwa na mwendeshaji wake, David Kobia, matusi ya kikabila yalipopita kiasi. Badala yake akafungua tovuti ambayo jina lake lilikuwa tangazo: mimi sina kabila. Watu waliingia humo kuandika kwamba wao ni Wakenya tu, basi. Kobia huyo huyo alikuwa miongoni mwa walioanzisha Ushahidi mwezi uleule, ile ramani ya mtandaoni ambamo watu wa kawaida waliripoti vurugu kutoka mitaani kwao.

Naiheshimu kazi hiyo, na kulifunga jukwaa linaloweza kuua naliona ni haki kabisa. Ila miaka imepita na tumebaki na nusu ya somo. Tumejifunza kufunga. Ushahidi nao ulijengwa kwa wazo kinyume na hilo, kwamba ovu likitendwa litajwe, mahali lilipotendeka patajwe, na kila mtu aone. Katika makundi yetu nusu hiyo ya pili tuliiacha njiani. Na "sina kabila" ni jambo rahisi kulisema kwa mtu ambaye jina lake halijawahi kumzuia kupangishwa nyumba. Anayeambiwa chumba kimeshachukuliwa mara tu anapotaja jina la babake hafarijiki akisikia kwamba wenzake hawana kabila.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, na ndio unaowapa maadmini sababu ya kuchoka. Shutuma ya ukabila imegeuzwa kuwa ngao. Nitaeleza kisa kimoja cha hapa kwetu kwa urefu, kwa sababu mambo yote yamo ndani yake.

Tulichanga pesa za pampu ya kisima. South B maji ya mfereji huja kwa ratiba, na ratiba yenyewe haiaminiki, kwa hiyo kisima kikiharibika tunanunua maji ya malori. Pampu ikanunuliwa. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akaandika kwenye kundi: "Bwana mweka hazina, hongera kwa kazi nzuri. Naomba tuwekewe stakabadhi za pampu hapa ili sote tuone." Mweka hazina akajibu: "Mwalimu, aliyenitangulia hukuwahi kumdai stakabadhi. Ni jina langu linalokusumbua?"

Baada ya hapo pampu ilisahaulika. Watu walijipanga kwa majina ya ukoo wao kama waliokuwa wakisubiri kuitwa. Waliomtetea mweka hazina walitoka karibu wote eneo moja la nchi, na waliomtetea mwalimu kutoka maeneo mengine. Mmoja wa hao wa pili akaandika, "Mmezoea kula, hata serikalini ni nyinyi." Mwingine akaongeza jambo ambalo sitalirudia. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameshanyamaza. Mwenyekiti alinipigia simu akitaka tulifunge kundi, waandike maadmini peke yao, mpaka watu watulie.

Nilimwomba kwanza nisome mazungumzo ya nyuma. Mweka hazina alisema kweli: aliyemtangulia hakuwahi kudaiwa stakabadhi. Lakini nilipopanda juu zaidi nikaona sababu. Aliyemtangulia alikuwa akiweka picha za stakabadhi kila mwisho wa mwezi bila kuombwa. Kwa hiyo mwalimu alikuwa ameuliza swali ambalo mkazi yeyote angeliuliza, na kushutumiwa kwake hakukuwa na msingi. Sidhani mweka hazina alikuwa akiigiza, hata hivyo. Mtu aliyekulia katika nchi ambayo jina lake limekuwa mzaha wa wezi huhisi mkono unaomnyooshea kidole kabla haujanyooshwa. Alichokosea ni kumbebesha mwalimu mzigo wa watu wengine.

Na watu hao wengine walikuwapo. Swali la mwalimu lilimhusu mtu mmoja na pampu moja. Yule aliyeandika "mmezoea kula" alishika jamii nzima, watoto wachanga pamoja na vikongwe, akaifanya mwizi. Huo ndio ulikuwa ukabila wa siku ile, na katika makelele yote hakuna aliyemshutumu. Shutuma ilikuwa imeshatumiwa pale isipostahili, na ilipohitajika kweli watu walikuwa wamechoka kuisikia.

Mwenyekiti alikubali tusilifunge kundi. Niliandika kwamba anayemshutumu mwenzake kwa ukabila aurejelee ujumbe wenyewe, maneno yaleyale, na aseme yanamkosea nani kwa namna gani. Mweka hazina hakuwa na ujumbe wa kuuonyesha dhidi ya mwalimu, akasema hivyo mwenyewe, akaweka stakabadhi. Moja ilikosekana, ya fundi, na fundi akapigiwa simu akaleta nyingine. Kuhusu "mmezoea kula", maneno yalikuwa wazi, hayakuhitaji kufasiriwa. Tulimtaka aliyeyaandika ayafute na kuwaomba radhi majirani. Alikataa, akasema ni mzaha tu, kisha akasema tunamwonea kwa sababu ya kabila lake. Tukamtoa. Kuna majirani ambao mpaka leo wanasema nilipendelea upande. Nimewaambia, na narudia hapa, kwamba mazungumzo yote yapo, wayasome.

Huwa naulizwa kwa nini tusiwaachie polisi na sheria mambo haya. Sheria tunayo. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinatoa uhuru wa kujieleza, na palepale kinasema uhuru huo haujumuishi matamshi ya chuki wala uchochezi wa ghasia. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, ile iliyoleta Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, inaweka faini isiyozidi shilingi milioni moja au kifungo kisichozidi miaka mitatu kwa kosa la matamshi ya chuki. Lakini tumeona inavyokwenda. Juni 2016 wabunge wanane wa mirengo yote miwili walikamatwa kwa tuhuma za uchochezi na kulazwa seli, na kituo cha polisi cha Pangani kikawa gumzo la nchi nzima. Walipotoka walikuwa wakicheka pamoja mbele ya kamera kama watu waliotoka jandoni pamoja. Wafuasi wao waliokuwa wakitukanana mitandaoni kwa ajili yao hawakupata nafasi ya kulala seli moja na kupatana. Ugomvi ulibaki mitaani.

Mwaka uliofuata, kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017, Mamlaka ya Mawasiliano na NCIC zilitoa mwongozo uliowataka wasimamizi wa makurasa na makundi wayadhibiti yanayoandikwa humo. Lengo lilieleweka. Matokeo yake kwa kundi kama letu yalikuwa hofu. Admini anayeogopa kuitwa kituoni hachambui nani kasema nini. Anamtoa kila aliyepaza sauti.

Na anayetarajia kampuni zenyewe zitusaidie akumbuke Julai 2022. Mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook kwa kuiwasilishia matangazo yenye matamshi ya chuki kuhusu uchaguzi wetu, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Ya Kiingereza yalikwama mwanzoni, ikidaiwa kuna kasoro za sarufi na lugha chafu. Yaliporekebishwa kidogo yakapita. Ya Kiswahili yalipita moja kwa moja. Matangazo hayo hayakuonyeshwa kwa umma, waliyaondoa kabla, lakini jibu lilikuwa limepatikana. NCIC ikaipa Facebook siku saba ijirekebishe, kisha mawaziri wakatangaza kwamba mtandao huo hautafungwa. Mimi kilichoniuma ni hicho kipande cha Kiswahili. Chuki iliyoandikwa kwa lugha tunayoizungumza sokoni na msikitini na kanisani haikuzuiwa na mlinzi yeyote mlangoni. Kwa hiyo mlinzi wa mwisho ni jirani anayeijua lugha, anayesikia dharau hata ikiwa imefungwa ndani ya methali. Na huyo ndiye tunayemtoa kwenye kundi.

Nisieleweke vibaya kuhusu kushutumu. Shutuma inaweza kuua. Katika Mahakama Kuu hapa Nairobi kuna kesi iliyofunguliwa Desemba 2022 na Abrham Meareg pamoja na wenzake dhidi ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook. Babake, Profesa Meareg Amare, alikuwa mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar nchini Ethiopia. Novemba 2021 aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake, baada ya kurasa za Facebook kuweka picha yake na kumtuhumu kuwa upande wa adui katika vita vya wakati ule. Mwanawe anasema aliripoti jumbe hizo na hazikuondolewa kwa wakati. Aprili 2025 mahakama iliamua kwamba inayo mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo. Kila ninapoona picha ya skrini ikizunguka mjini, uso wa mtu na mahali anapofanyia kazi na juu yake "mkabila huyu hapa", nafikiri juu ya yule profesa. Hata kama maneno yaliyoandikwa ni mabaya, kumtupia mtu kundi la watu wasiomjua ni jambo lingine kabisa. Kemea maneno, palepale yalipoandikwa, mbele ya walioyasoma. Nambari yake ya simu na ofisi yake havihusiki.

Sasa nifike kwenye kundi la wazazi, ambako ndiko nilikoanza kukasirika.

Tarehe 15 Januari 2019 magaidi wa Al-Shabaab waliishambulia hoteli ya DusitD2 pale 14 Riverside. Watu 21 waliuawa. Mchana ule kundi la wazazi lilijaa maswali ya watoto watarudi vipi nyumbani, barabara ipi imefungwa. Jioni, baba mmoja akaandika kwamba hawa watu wa Eastleigh, mtaa wenye Wasomali wengi, warudi kwao, tumechoka kuishi na nyoka. Mama mmoja Msomali, tunayemwita kwa jina la bintiye kama tunavyoitana sote, akaandika: "Wazazi wenzangu, mimi pia nina ndugu kazini Westlands na simu yake haipokewi. Kwetu ni hapa. Naomba hayo maneno yaondolewe." Jibu la admini lilikuwa hili: "Mama, tafadhali tusilete dini kwenye kundi hili."

Yeye hakuwa ameitaja dini. Aliyezungumza juu ya nyoka hakuambiwa kitu. Kesho yake asubuhi yule mama alijitoa, na tangu hapo habari za darasa humfikia kupitia kwangu: tarehe za mikutano, pesa za safari, sare za michezo.

Ili mtu aelewe uzito wa "warudi kwao" kwa mama huyo, sharti akumbuke Aprili 2014, operesheni ya Usalama Watch, polisi wakiingia Eastleigh nyumba kwa nyumba na maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakichukuliwa, baadhi wakifungiwa katika uwanja wa Kasarani mpaka wathibitishe wao ni nani. Akumbuke pia vijana Wakenya wa Kisomali waliohojiwa na kamati za uchunguzi kwa ajili ya kitambulisho ambacho mwenzao wa Nyeri au Kisii alipata kwa kujaza fomu. Baba yule huenda aliandika kwa hofu. Sisi sote tulikuwa na hofu jioni ile. Mama yule alikuwa na hofu mbili, na tulimwachia zote mbili azibebe peke yake. Mkuki kwa nguruwe.

Hayo ni makundi yenye watu mchanganyiko, ambako angalau kuna wa kuumia na kulalamika. Kuna makundi mengine ambako hakuna anayelalamika kwa sababu wote ni wa nyumbani: kundi la ukoo, la waliosoma pamoja kijijini, la harusi na mazishi. Humo watu huandika kwa lugha ya mama bila kuchuja. Naamini shutuma ya ukabila ina nguvu kuliko kote ikitoka humo ndani, ikisemwa na mtu ambaye hawezi kuambiwa ana wivu wa kabila.

Nimeiona ikifanyika kwenye kundi la ukoo wetu. Binamu yangu alisambaza ujumbe wa sauti wa mtu akiwatusi wanaume wa jamii moja kwa habari ya tohara, lile tusi tulilolizoea katika siasa za nchi hii kiasi kwamba baadhi ya watu hawalihesabu tena kuwa tusi. Shangazi yetu, ambaye kwa kawaida huandika maombi ya asubuhi na matangazo ya matanga peke yake, akajibu: "Mwanangu, mume wa binti yangu ni wa huko, na wajukuu wangu wanasoma kundi hili. Watafsirie wewe mwenyewe, nikusikie." Binamu akaandika "pole shangazi, ilikuwa utani." Shangazi akasema, "Basi niambie kinachochekesha." Ujumbe ulifutwa. Hakuna aliyetolewa, hakuna aliyeambiwa asilete siasa, na binamu yangu alimpelekea shemeji ujumbe wa faragha kumwomba radhi. Najua kwa sababu shemeji aliniambia. Aliniambia pia kwamba alikuwa amesikia ule ujumbe wa sauti mara ya kwanza kazini kwake, kutoka kwa mtu mwingine, na hakuwa na shangazi huko.

Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Nimeshaanza kusikia maadmini wenzangu wakipanga kuyafunga makundi yao mapema, waandike wao tu. Nawasihi wasifanye hivyo isipokuwa pale watu wanapotishiwa maisha. Kundi lililofungwa halizuii chuki. Watu huhamia kwenye makundi madogo ya wao kwa wao, na jirani mmoja aliyekuwa akithubutu kusema "huo ni ukabila" hawafuati huko.

Sisi hapa South B tumeibadilisha sheria kwenye maelezo ya kundi. Sasa inasema: usiwatukane watu kwa kabila lao, dini yao wala mahali walikotoka, ukiona umefanyiwa hivyo, rejelea ujumbe na useme, hutatolewa kwa kusema. Haikupita kirahisi. Majirani wawili walisema tunafungua mlango wa kesi, na wana haki ya kuhofia. Kesi zimekuja kweli, nyingine za kipuuzi, za mtu kuona dharau katika salamu. Tunazisoma moja moja. Ni kazi, inakula jioni zetu, na mwenyekiti hunung'unika kila mara. Naona ni kazi inayostahili kufanywa.

Kwa wazazi bado. Nilimwandikia mwakilishi wa darasa nikitaka yule mama aombwe radhi na sheria ya kundi iandikwe upya. Alisema hilo ni jambo la zamani, watoto wamekua, kwa nini nifukue. Kabla ya kuendelea nilimwuliza mama mwenyewe kama anataka jambo hili lizungumzwe, maana si langu peke yangu. Alisema niliseme, ila yeye hatarudi kwenye lile kundi hata akiombwa radhi. Habari za darasa niendelee kumpa mimi. Nimeomba liwekwe kwenye ajenda ya mkutano wa muhula ujao. Wakilikataa, nitasimama kwenye mengineyo na kuusoma ujumbe wa jioni ile kama ulivyoandikwa, na jibu alilopewa.